Mtoto Anayesema "Sikukula"

Hotuba kwa wazazi na walimu wa skuli za maandalizi, Chake Chake, Pemba. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, na mwisho nimeongeza maswali mawili niliyoulizwa.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwenyekiti wetu, walimu wenzangu, na nyinyi wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza baada ya laasiri, ahsanteni sana. Nimeombwa nizungumze namna mtoto anavyoijua sarufi ya lugha yake ya kwanza. Nimepewa nusu saa. Nitajitahidi, ingawa mnanijua. Waliokaa nyuma wakiona hawanisikii wanyooshe mkono, maana spika hii ya kushoto imeshaanza kukoroma.

Nianze na chuoni, kwa sababu sote tumepita huko. Mtoto wa Pemba wa miaka sita, saba, anaweza kukusomea Juzuu Amma mwanzo hadi mwisho, herufi zimetoka mahali pake, hajaruka hata aya. Mwambie sasa akwambie kwa Kiarabu kwamba paka amekula samaki wake. Hawezi. Wala si kosa lake, wala si kosa la maalim wake. Kazi aliyopewa ilikuwa kuhifadhi, na kuhifadhi amehifadhi.

Lakini mtoto huyo huyo alipokuwa na miaka mitatu, hajui ubao wala fimbo, alikuja mbio jikoni akasema, "Mama, paka kanilia samaki wangu!" Lisikilizeni hilo neno moja, "kanilia". Ndani yake yumo paka, kimo kitendo kilichokwisha kutendeka, nimo mimi niliyedhulumiwa, na imo kauli ya kutendea inayosema kwamba dhuluma hiyo imenifika mimi. Vitu vyote hivyo vimepangwa kwa zamu isiyogeuzwa. Ukisema "nikalia" umeshasema jambo jengine kabisa. Nani alimhifadhisha mtoto sentensi ile? Hakuna. Pengine tangu Pemba iwe Pemba hakuna aliyewahi kuitamka kwa paka yule na samaki yule. Ameitunga mwenyewe, papo hapo, huku analia.

Basi maneno yangu yote ya leo yamo hapo. Mtoto wa miaka mitatu haigi lugha yetu. Anaisikiliza, anakisia sheria zake, kisha anazitumia zile alizozikisia. Na makosa yake, yale tunayoyacheka, ndiyo ushahidi mkubwa kwamba anafikiri.

Kazi yenyewe huanza mapema kuliko tunavyodhani. Mtoto akizaliwa tunamwadhinia sikio la kulia, na sisi huona kuwa hayo ndiyo maneno yake ya kwanza. Kwa dini ndivyo. Kwa masikio, miezi mitatu ya mwisho tumboni alikuwa keshaanza kusikia, na aliyekuwa akimsikia zaidi ni mama yake. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walichapisha matokeo ya jaribio la watoto wachanga, ambao hawajatimiza hata siku tatu. Waliwapa chuchu ya mpira iliyounganishwa na mashine, mtoto akinyonya kwa mwendo fulani anasikia sauti ya mama yake, akinyonya kwa mwendo mwengine anasikia sauti ya mwanamke mwengine. Watoto wakaubadilisha mwendo wao wa kunyonya ili wamsikie mama. Siku tatu, bado hata kitovu hakijaanguka!

Tatizo linalofuata ni kubwa zaidi, na sisi hatulioni kwa sababu tumezoea maandishi. Kwenye karatasi maneno yana nafasi kati yake. Mdomoni hayana. Mtu anaposema "njootukalebarazani" sauti inakuja moja kwa moja kama hivyo. Mtoto atajuaje wapi neno linakwisha na jengine linaanza? Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport walilijaribu hilo mwaka 1996 kwa watoto wa miezi minane. Walitunga maneno ya uongo yenye silabi tatu tatu, kama "bidaku" na "golabu". Ukiyasikia utadhani ya kwetu! Wakayaunga bila kituo, yakasomwa na kompyuta kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kwa dakika mbili tu. Baada ya hapo watoto walionyesha kwamba wanatofautisha maneno yale na vipande vilivyochukuliwa baina ya neno na neno. Walikuwa wamezingatia silabi gani humfuata nani kila mara, na ipi humfuata kwa bahati. Miezi minane, na hesabu tayari.

Mtoto wa Kiswahili ana msaada wa ziada, na huo ni mkazo. Karibu kila neno letu linakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukisikia mkazo, hesabu silabi moja mbele, neno limekwisha. Mtoto wa Kifaransa ana msaada wake na wa Kiarabu ana wake, mimi nasema wetu.

Sasa tufike pale anaposimama dede na kuanza kwenda tata, maana ulimi nao hapo huanza kwenda tata. Mtafiti Kamil Ud Deen alirekodi watoto wanne wa Nairobi, na kitabu chake kikatoka mwaka 2005. Aliona kwamba watoto wadogo huangusha viambishi, vile vipande vidogo vya mwanzo wa kitendo: mara nafsi inaanguka, mara wakati unaanguka, mara vyote viwili. Badala ya "anakwenda" utasikia "nakwenda", au "kwenda" peke yake. Hayo hata hapa Chake tunayasikia kila siku.

Lakini sikilizeni kinachobaki. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu au miwili akikataa uji hasemi "sitaki". Husema "taki!" na anausukuma mkono wako. Mbona hasemi "taka"? Akiomba kitu si husema "taka"? Sisi walimu tunapofundisha ukanushi ubaoni tunaanza na ile "si" ya mwanzo, ndiyo tunayoipigia mstari kwa chaki nyekundu. Mtoto ameiangusha, akaishika ile "i" ndogo ya mwisho, ambayo wengi wetu hatukumbuki hata kuitaja. "Taka" ni ndiyo, "taki" ni hapana. "Lala" na "lali". Yule mdogo ameshatambua kwamba kitendo cha Kiswahili hukanushwa kichwani na mkiani, na kwa kuwa kichwa kinamshinda, ameanza na mkia. Mimi nimesomesha Kiswahili maisha yangu yote, na sijaona mwanafunzi wa kigeni hata mmoja aliyeanza na mkia.

Nije kwenye uji wenyewe. Mjukuu wangu, alipokaribia miaka mitatu, aliulizwa na bibi yake, "Mbona uji umebaki?" Akajibu, "Mie sikukula." Dada yake anayesoma skuli akaanza kumcheza shere: sikukula, sikukula! Nyumba nzima ikacheka.

Hebu tuichukue kesi yake kama mahakamani. Amepika, hakupika. Amelala, hakulala. Nimeanguka, sikuanguka. Ukitaka kukanusha lililopita, tia "ku" kisha lete kitendo. Sasa kitendo chenyewe cha uji ni kipi? Mtoto amesikia nakula, nimekula, nilikula, nitakula, kutwa mara tatu, kila tunapokaa mkekani. Kwa ushahidi huo kitendo ni "kula". Tia "ku" mbele yake: si-ku-kula. Sheria hii haina dosari. Wenye mambo ni sisi tunaosema "sikula".

Nikawauliza waliokuwa ukumbini, na walimu wa Kiswahili walikuwemo: nani atanieleza kwa nini twasema "amekula" na "atakula", lakini twasema "akila", "asile", "hali"? Hiyo "ku" inakwenda wapi? Ukumbi ukanyamaza. Kisha baba mmoja wa safu ya tatu akasema, "Maalim, ndivyo inavyosemwa." Watu wakampigia makofi.

Ndivyo inavyosemwa, kweli. Lakini ipo sababu, na ni ule mkazo niliousema. Kitendo hiki mzizi wake ni mfupi mno, silabi moja tu, "la". Mkazo unataka silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo lazima uangukie kiambishi kilicho kabla ya "la". Viambishi vyengine hukubali kubeba mkazo: "ki" ya akila inabeba, "ka" ya akala inabeba, "ku" ya sikula inabeba. Vyengine havikubali: "me", "na", "li", "ta". Hivyo vinapokuja, inaitwa "ku" ya kitenzi-jina, ile ya "kupika" na "kulala", ije iubebe mzigo, tukapata amekula, anakula, alikula, atakula. Na ndivyo hivyo kwa kunywa, kufa, kuja, na ndugu zao wengine wachache wenye silabi moja.

Hakuna mzazi hapa aliyemweleza mwanawe jambo hilo. Asingeweza, hata yeye alikuwa halijui mpaka robo saa iliyopita. Na hata hivyo watoto wetu wote, wa Wete, wa Mkoani, wa Micheweni, wanafika skuli wanasema "sikula" na "usinywe" bila ya kukosea. Wamelitoa wapi? Katika kusikia na kupima.

Na kuna jambo linalowatia wazazi wasiwasi bure. Mara nyingi mtoto huanza kwa kusema sawa. Anasema "sikula" vizuri kabisa akiwa na miaka miwili, kwa sababu ameliokota neno zima kama lilivyo. Baada ya miezi anaanza kusema "sikukula". Mama anaona mwanawe amerudi nyuma, labda amepatwa na jicho. La! Amekwenda mbele. Mwanzo alikuwa na neno, sasa ana sheria, na sheria mpya mtu huitumia kila mahali, hata pasipohusika. Watoto wa Kiingereza nao hupita njia hiyo katika vitendo vya wakati uliopita, wanasema sawa, wanaharibu, kisha wanasema sawa tena. Ndivyo hivyo kwa anayesema "majicho" na "majino" badala ya macho na meno. Amesikia majiko, majina, majibu. Atakosaje?

Mwaka 1958 Bi Jean Berko wa Marekani alipata njia nzuri ya kumnasa mtoto akiwa kazini. Alichora kiumbe kama ndege, akakipa jina asilolijua mtu yeyote duniani, akamwonyesha mtoto: hiki ni fulani. Kisha akaleta picha ya viwili, akamwachia mtoto amalizie sentensi. Watoto wa skuli ya maandalizi walilitia neno lile katika wingi wa Kiingereza ingawa hawajawahi kulisikia. Ikiwa mtoto anaiga tu, angeiga nini?

Mimi nimeucheza mchezo huo barazani kwangu na watoto wa jirani. Si utafiti, ni mchezo, naomba asitokee mtu akaniandika gazetini. Nilichonga kijiti kikawa na umbo lisilofanana na kitu, nikasema: hiki kinobe. Nikatoa cha pili. "Sasa kuna nini?" Wakubwa, wa miaka mitano, wakasema "vinobe", moja kwa moja. Mmoja mdogo, hajatimiza mitatu, akanitazama, akatazama vijiti, akasema, "Viwili!" Jina limemshinda, lakini upatanisho upo. Hakusema "mbili" wala "wawili". Alijua kwamba kilichoanza na "ki", kikiwa zaidi ya kimoja, kila kinachokiandama lazima kivae "vi".

Kisha nikafanya ujanja. Nikachora macho na miguu kwenye vijiti vile, nikavilaza kwenye kanga. "Wamefanya nini?" nimekwisha kuwapa jibu kwa ulimi wangu, nikajikamata, nikauliza upya: "Vinobe, nini tena?" Yule wa miaka mitano akasema, "Vinobe wamelala." Yule mdogo akashikilia, "Vimelala." Kwa Kiswahili mkubwa ndiye aliyepatia, kwani twasema viboko wamelala, vifaru wamelala. Mwenye uhai hutoka katika safu ya umbo lake akaingia safu ya watu na wanyama. Mtoto wa miaka mitano alikitia kijiti uhai kwa sababu ya macho mawili ya kalamu, akakibadilishia upatanisho hapo hapo. Mdogo bado anafuata umbo la neno. Apewe mwaka, atafika.

Bi Katherine Demuth aliyewarekodi watoto wa Lesotho miaka ya 1980 aliona mambo yanayofanana na yetu, kwani Kisotho na Kiswahili ni ndugu. Kiambishi cha jina kwanza kinakosekana, kisha mahali pake panasikika kijisauti kisichoeleweka, kisha kinakuja kamili, na upatanisho kwa jumla hukaa sawa mapema. Lakini alilolishangaa zaidi ni kauli ya kutendwa. Kwa Kiingereza watoto huchelewa kuizoea. Watoto wa Kisotho hawajatimiza miaka mitatu wanaisema. Sababu aliyoitoa ni kwamba Kisotho hakikuruhusu kuuliza "Nani kakupiga?" kwa kuliweka neno "nani" mwanzo kama mtenda. Mara nyingi utauliza "Umepigwa na nani?" Mtoto anaisikia kauli hiyo asubuhi na jioni.

Kwetu sote tunaruhusiwa njia zote mbili, lakini simameni nje ya skuli ya maandalizi wakati wa mapumziko. "Mwalimu, nimepigwa!" "Mwalimu, nimesukumwa!" "Mwalimu, kalamu yangu imechukuliwa!" Kauli ya kutendwa tupu, asubuhi nzima. Walimu wanacheka kwa sababu wanajua. Ina faida yake pia, kwani anayesema "nimepigwa" hajalazimika kumtaja nani, wala nani alianza.

Haya, tuje kwenye kurekebisha, maana ndilo wazazi mlilolijia. Roger Brown wa Harvard na wenzake walisikiliza rekodi za nyumbani za watoto watatu waliopewa majina Adam, Eve na Sarah, na mwaka 1970 yeye na Camille Hanlon wakaandika kwamba wazazi hawarekebishi sarufi kama wanavyodhani. Wanarekebisha ukweli. Mtoto wetu akisema "Ng'ombe ile!" huku anaonyesha mbuzi, mama atamwambia, "Si ng'ombe, mbuzi huyo." Ile "ile" imepita bila ya ushuru. Na bado baada ya mwaka mtoto anasema "mbuzi yule".

Na pale tunaporekebisha kwa nguvu, mara nyingi hakuna kinachoingia. Martin Braine, mtaalamu wa saikolojia, mwaka 1971 alisimulia habari za binti yake aliyetaka kijiko chengine, akawa anatia neno "moja" katikati, mahali ambapo Kiingereza hakilitaki. Baba akamsahihisha siku nyingi. Mwisho akamwambia atamke neno moja moja, mtoto akatamka kila moja vizuri. Akamwambia ayaunge. Mtoto akayaunga, na "moja" lake likarudi pale pale, kisha akauliza, sasa nipe kijiko? Baba mtaalamu alishindwa, sembuse mimi na wewe tuliochoka na jua.

Kwa hiyo mjukuu wangu alipochekwa, bibi yake alifanya la maana kuliko sote. Alimwambia, "Hukula? Na mimi sikula bado. Njoo tule." Hakumsomesha. Alimsikilizisha neno lilivyo mara mbili, ndani ya mazungumzo ya kweli, na uji ukaliwa. Mkitaka dawa ya nyumbani, hiyo ndiyo. Kumcheka mtoto kunamfundisha kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hana cha kupima.

Wataalamu wanabishana, na mtasoma ubishi wao. B. F. Skinner, mtaalamu wa saikolojia, aliandika mwaka 1957 kwamba lugha ni mazoea yanayojengwa kwa malipo. Noam Chomsky, mtaalamu wa isimu, akamjibu mwaka 1959, na tangu hapo yeye na wafuasi wake wanasema mtoto huzaliwa na kitu cha lugha ndani yake. Michael Tomasello na wenzake wanasema la, mtoto huanza na vipande vizima vizima kama "nipe" na "sijui", kisha anavifumua kidogo kidogo. Mimi nimemsikia mtoto akisema "nipe Ali" akitaka Ali ndiye apewe, nikaona Tomasello ana hoja. Nimesikia "taki" nikaona Chomsky naye hakukosa. Siku wakipatana mtaniambia.

Lakini lipo jambo moja ambalo pande zote mbili hulirudia, na limetoka Nicaragua. Mwaka 1977 ilifunguliwa skuli ya watoto viziwi mjini Managua. Kabla ya hapo wengi walikuwa majumbani, kila mmoja na ishara zake na mama yake. Walimu walitaka kuwafundisha Kihispania kwa kutazama midomo, haikufaa kitu. Uwanjani na ndani ya gari za skuli watoto wakaanza kuambiana kwa mikono. Walipokuja wadogo zao miaka ya 1980, wakaikuta lugha ile changa, wakaikaza: wakatia utaratibu uliokuwa haumo kwa wakubwa. Bi Ann Senghas na wengine wameifuatilia kwa miaka mingi. Leo ni lugha kamili ya alama, na walioitia sarufi ni watoto.

Nalisema hili hapa kwa sababu kila shehia ina mtoto asiyesikia, na wengi tunawaweka ndani tukisubiri wakue. Ubongo ulio tayari kujenga sarufi hausubiri. Mtoto huyo anahitaji lugha ya alama mapema, akiwa mdogo, pamoja na wenzake wenye kuitumia.

La mwisho kabla ya maswali. Hapa Pemba tumekuwa na haya na maneno yetu. Mtoto akifika skuli na Kipemba chake tunamwambia anaharibu Kiswahili. Mwaka 1928 walikutana watu Mombasa wakaamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Wangeweza kuchukua Kimvita, na kilikuwa na watetezi wake, leo tungekuwa tunasahihisha vyengine. Huo ulikuwa uamuzi wa mkutano, si hukumu juu ya akili ya mtu. Mtoto wa Makunduchi, wa Tumbatu, wa Konde, kila mmoja ameshajenga sarufi kamili kabla hajakuja kwetu. Mwongezeeni sanifu, msimvunjie aliyokuja nayo.

Na wale wanaozungumza Kiingereza nyumbani na mtoto wa miaka miwili kwa sababu skuli aliyoandikishwa ni ya Kiingereza: kama Kiingereza ni chako, unakiota usingizini, zungumza, mtoto anaweza lugha mbili na tatu. Lakini kama una maneno mia, "njoo", "kaa", "acha", mtoto atajenga nyumba kwa maneno mia. Kwa Kiswahili ungemgombeza, ungemhadithia, ungemtania, ungemwombea dua. Hayo yote ndiyo malighafi yake.

Maswali.

Bibi mmoja aliuliza kama televisheni inasaidia, kwani mjukuu wake anashinda na katuni za Kiingereza. Nilimjibu kwa jaribio la Patricia Kuhl na wenzake, mwaka 2003, Seattle. Watoto wa Marekani wa miezi tisa walikaa na mtu anayezungumza Kichina, akicheza nao na kuwasomea, kwa vikao kumi na viwili. Wakaishika tofauti ya sauti za Kichina. Kundi jengine likaoneshwa watu wale wale, maneno yale yale, kwenye televisheni. Halikushika kitu. Mtoto wa umri ule anataka mtu wa kumtazama usoni na kumjibu. Kwa hiyo bibi, katuni si haramu, lakini wewe ndiye somo.

Mama mmoja kijana akasema mwanawe ana miaka miwili na nusu, hasemi hata neno, na majirani wanamwambia wanaume huchelewa, na wengine wanataka akatwe kinyama cha chini ya ulimi. Nilimwuliza: ukimwita kwa nyuma, anageuka? Akafikiri. Akasema, akiwa ananitazama, huja. Nikamwambia mama, kesho usiende kwa wa kukata. Nenda hospitali, waombe wampime masikio kwanza, na kama hapo ulipo hawana vifaa waulize wanakuelekeza wapi. Ulimi uacheni. Huku mkisubiri, kaa naye uso kwa uso, onyesha kitu kwa mkono unapokitaja, na akikuonyesha kwa mkono mjibu, hiyo nayo ni lugha. Anuani ya watu wanaofundisha alama aliichukua kwa mwalimu mkuu pale pale mlangoni.